Huduma za serikali za kujiandaa na ukame Kenya: taarifa ni nzuri, fedha ndizo zinazokwama njiani

Mkazi wa kaunti kame nchini Kenya anayetaka kujua serikali imemwandalia nini kabla janga halijamfika ana mambo manne ya kuyapima, nayo ni taarifa ya kila mwezi ya hali ya ukame, fedha zinazolipwa kaya kwa kadi ya benki, hazina za dharura za serikali kuu na za kaunti, na kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi. Nimeyafuatilia yote manne nikiwa Pwani, ambako kaunti tano kati ya sita, yaani Kilifi, Kwale, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zimo katika orodha ya kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame, na Mombasa peke yake ndiyo iliyobaki nje. Uamuzi wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anapoendelea: fedha iliyofungwa kwenye kipimo kilichoandikwa kabla ya kiangazi hufika, na fedha inayosubiri kikao hufika ng'ombe wakiwa wamekwisha kufa.

Kwanza ieleweke kwamba Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake NDMA, si ghala la chakula. Iliundwa mwaka 2011, ikarithi kazi ya mradi wa maeneo kame uliokuwa ukiendeshwa kwa msaada wa Benki ya Dunia tangu 1996, na mwaka 2016 ikapata sheria yake yenyewe. Kazi yake ni kuchunguza dalili, kuziratibu idara na mashirika, na kusimamia baadhi ya fedha. Mtu anayeingia katika ofisi yake ya kaunti akitarajia gunia la mahindi atatoka mikono mitupu na kinyongo juu, ilhali anayeingia akiuliza malisho ya wadi jirani yakoje, bei ya mbuzi imesimama wapi na mvua ya vuli inatazamiwaje, ana kila sababu ya kutoka ameridhika.

Taarifa ya kila mwezi ndiyo kazi bora kabisa ya mamlaka hii. Kila kaunti kati ya zile 23 ina yake, inapatikana bure kwenye tovuti, na ukurasa wa kwanza unamtosha msomaji mwenye haraka, kwa kuwa unaonyesha kila ukanda wa riziki umo katika hali gani, iwe ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari, ya dharura au ya kujikwamua, na kama mambo yanatengemaa, yametulia au yanazorota. Kugawa kaunti kwa kanda za riziki ni uamuzi wa busara, kwa sababu kaunti moja haina kiangazi kimoja. Mkulima wa minazi na mikorosho karibu na bahari Kilifi, na mfugaji wa Ganze au wa Magarini ndani kabisa, hawapatwi na ukame siku moja wala kwa kiasi kimoja, na wastani wa kaunti nzima ungemficha huyu wa pili nyuma ya yule wa kwanza.

Takwimu hukusanywa kwa njia mbili. Vijijini kuna vituo vilivyoteuliwa ambako wachunguzi huzihoji kaya kila mwezi wakiuliza ng'ombe wametoa maziwa kiasi gani, mifugo inatembea umbali gani kutoka malishoni hadi majini, mama anakwenda umbali gani kuteka maji ya nyumbani, huku watoto wa chini ya miaka mitano wakipimwa mzingo wa mkono kwa ule mkanda wa rangi unaojulikana zahanati zote. Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kile cha kumgeuza mbuzi kuwa mahindi. Tuseme mbuzi anauzwa shilingi 4,000 na kilo ya mahindi ni shilingi 50, basi mbuzi huyo ni kilo 80. Kiangazi kikikaza, bei yake huteremka hadi 2,500, kwa kuwa kila mtu anauza na mnyama mwenyewe amebaki mbavu, mahindi hupanda hadi 70, na mbuzi yuleyule sasa hafikishi kilo 36. Familia imepoteza zaidi ya nusu ya chakula chake kabla mnyama hata mmoja hajaanguka, na hasara hiyo isingeonekana kamwe kwa mtu anayesubiri kuhesabu mizoga kando ya barabara.

Njia ya pili ni ya angani. Picha za setilaiti huchambuliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha BOKU cha Vienna, nchini Austria, ili kupata kipimo cha hali ya uoto kinachoandikwa VCI, ambacho hulinganisha ukijani wa sasa na rekodi ya miaka iliyopita mahali palepale. Kikiwa 35 kwenda juu, uoto ni wa kawaida au umezidi kawaida. Kikishuka chini ya 35 ni ukame wa wastani, chini ya 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Namba hizi anayeishi katika kaunti kame angefanya vyema kuzijua kwa moyo, kwa sababu baadhi yake, kama nitakavyoeleza, hugeuka kuwa shilingi. Zina kasoro yao, hata hivyo. Setilaiti huona kijani, haioni chakula. Mathenge, kichaka cha miiba kilichotapakaa Tana River na Garissa, hubaki kijani wakati nyasi zote zimekauka, na mfugaji anayesimama katikati ya kichaka hicho na mifugo yenye njaa ana haki ya kuishangaa ramani inayosema uoto si mbaya sana. Ndiyo maana uchunguzi wa vijijini haupaswi kupunguzwa kila bajeti inapobana, maana ndio unaoisahihisha setilaiti.

Udhaifu mkubwa wa taarifa hii ni lugha na njia ya kuisambaza. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kurasa nyingi, katika faili la kupakua, na ya mwezi mmoja hutoka mwezi unaofuata. Mfugaji mwenye simu ya kabambe haifikii, na hata mwalimu wa kijijini mwenye simu nzuri atachoka kabla ya kufika kwenye mapendekezo. Baadhi ya vituo vya redio vya kienyeji husoma muhtasari, na machifu wengine huugusia barazani, lakini hilo hutegemea bidii ya mtu mmoja mmoja. Nusu ukurasa wa Kiswahili kwa kila kaunti, uliobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu na kwenye soko la mifugo siku ya mnada, haungegharimu hata sehemu ndogo ya gharama ya boza moja la maji. Wazee wanaosoma nyota na matumbo ya mbuzi hawajaishinda NDMA kwa usahihi, wameishinda kwa kuwa wanazungumza lugha ya wanaowasikiliza.

Huduma ya pili ni mpango wa fedha za kujikinga na njaa, unaofahamika kwa herufi HSNP. Ulianza kama majaribio kwa ufadhili mkubwa wa Uingereza, na awamu yake ya pili, kuanzia 2013, ilihusu Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ambako takriban kaya 100,000 zilizokuwa na hali ngumu kuliko nyingine zililipwa mara kwa mara, kiwango kikifikia shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Awamu iliyofuata ilipanua mpango kwenda Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River. Hadi hapo haukuwa na tofauti kubwa na malipo mengine ya kuwasaidia wazee na maskini. Kilichoutofautisha ni kwamba katika kaunti zile nne za mwanzo ziliandikishwa kaya nyingi zaidi ya hizo, zaidi ya 370,000, na nyingi zikafunguliwa akaunti za benki ingawa hazikuwa katika orodha ya malipo ya kawaida. Tangu 2015, VCI ya kaunti ndogo ikiingia katika ukame mkali, kundi la ziada katika kaunti ndogo hiyo hutumiwa malipo ya dharura ya mwezi huo, ambayo yalifikia shilingi 2,700, na ukame ukikithiri kundi hupanuliwa zaidi. Hapaitishwi mkutano wa kuamua kama kuna ukame, hapatumwi ujumbe wa wabunge kwenda kujionea, wala hapapigwi picha za viongozi wakikabidhi magunia.

Mpango huu una wakosoaji, na baadhi ya wanayosema ni kweli. Jirani mmoja analipwa na mwingine mwenye shida ileile halipwi, orodha zilichukua muda mrefu kusahihishwa, waliohama na waliofariki walibaki ndani na waliofukarika baadaye wakabaki nje, na malipo ya kawaida yamewahi kucheleweshwa na Hazina Kuu kiasi cha kuunganisha vipindi. Isitoshe, alama za vidole zimewaletea wazee adha. Katika kituo kimoja cha biashara kando ya barabara ya Garsen kwenda Hola nilimwona mama mmoja mzee akikataliwa na mashine ya wakala kidole baada ya kidole, kwa kuwa miaka ya jembe na kuni ilikuwa imemfuta alama. Wakala, kijana mpole, alimfuta mkono kwa kitambaa chenye maji na kumwambia, "Mama, jaribu gumba la kushoto, usilibonyeze sana." Mama akajibu, "Mwanangu, hilo ndilo lililobaki, likikataa nirudi na kidole cha nani?" Likakubali. Watu wa foleni walicheka pamoja naye, lakini swali lake lilikuwa la haki, na mpango wa aina hii unapaswa kuwa na njia ya pili ya kumtambua mtu ambayo haimlazimu kumtuma mwanawe achukue fedha kwa niaba yake.

Kasoro nzito zaidi ni thamani ya malipo yenyewe. Shilingi 2,700 kwa mwezi zilikuwa na uzito fulani kiwango kilipowekwa, lakini katikati ya 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200, fedha hizo zilinunua pakiti 13 tu na chenji kidogo, kabla ya kufikiria sukari, mafuta, dawa za mifugo au karo. Kipimo kinachoamua nani alipwe kimefungwa kwenye hali ya uoto, na kiwango cha malipo hakikufungwa kwenye bei ya chochote. Kinachoshangaza ni kwamba taarifa ya kila mwezi hubeba bei ya mahindi ya kila kaunti, kwa hiyo takwimu zipo ofisini, hazijaunganishwa tu.

Bima ya mifugo ya serikali, iliyozinduliwa mwaka 2015 kwa kuanzia Turkana na Wajir, ilianza kwa mantiki ileile ya setilaiti, serikali ikiwalipia wafugaji teule ada ya bima kwa idadi ndogo ya mifugo na malipo yakitolewa malisho yanaposhuka chini ya kiwango. Ni wazo zuri kwa kuwa hulipa wakati mnyama bado yu hai na anaweza kununuliwa nyasi. Wafugaji wengi niliozungumza nao, hata hivyo, hawajui kama wamo au hawamo, na mtu asiyejua kwamba amekatiwa bima hawezi kuitegemea anapopanga kuhama au kuuza.

Sasa nije kwenye hazina za dharura, ambako ndiko nilikovunjika moyo. Kwenye karatasi, nchi imejipanga. Katiba, katika kifungu cha 208, inaanzisha hazina ya dharura ya taifa, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaiwekea mtaji usiozidi shilingi bilioni 10. Sheria hiyo inaziruhusu kaunti kuwa na hazina zao za dharura, malipo ya mwaka kutoka humo yakiwa hayazidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Juu ya hizo ipo Hazina ya Kitaifa ya Dharura ya Ukame, ambayo kanuni zake zilitolewa 2021, na kabla yake Umoja wa Ulaya ulikuwa umefadhili, tangu 2014, hazina ya kugharimia kazi ndogondogo zilizokubaliwa mapema, kama vipuri vya pampu za visima, chanjo za mifugo na mafuta ya kusukuma maji.

Tatizo la kwanza limo ndani ya maandishi ya sheria. Hazina ya dharura ya taifa na zile za kaunti zinaruhusu matumizi ya haraka ambayo hayakutarajiwa. Ukame, hata hivyo, ndio janga linalotarajiwa kuliko yote, na kadiri taarifa za NDMA zinavyokuwa bora ndivyo inavyokuwa vigumu kwa ofisa wa fedha mwenye hofu ya Mkaguzi Mkuu kutia sahihi kwamba hakuutarajia. Matokeo yake ni kwamba ofisa mwangalifu husubiri hadi hali iwe mbaya kiasi ambacho hakuna atakayemuuliza, na hapo ndipo fedha zilizokusudiwa kuzuia hasara hutumika kuihudumia. Simlaumu ofisa huyo. Ninalaumu sheria ambayo haikutenganisha moto wa soko, ambao kweli hautarajiwi, na ukame, ambao huonekana ukija kwa miezi.

Mfano wa karibuni ni wa ukame wa 2020 hadi 2023. Mvua za vuli za 2020 zilishindwa, zikafuatwa na masika ya 2021, vuli ya 2021, masika ya 2022 na vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, yaani baada ya misimu miwili kupotea na taarifa za kila mwezi kubadilika rangi kaunti baada ya kaunti. Tangazo ndilo lililofungua mifuko. Mojawapo ya hatua zilizochukuliwa ilikuwa kununua mifugo dhaifu kupitia Tume ya Nyama ya Kenya, jambo ambalo ni la maana kabisa likifanywa ng'ombe akiwa bado na nyama, lakini mfugaji anayempandisha lorini mnyama asiyeweza kusimama anapata bei ya ngozi na mfupa. Hadi ukame ulipokwisha, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa na watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wakihitaji chakula cha msaada. Haya yalitokea mwishoni mwa muongo ambao serikali ilikuwa imeahidi kwamba dharura za ukame zingekomeshwa ifikapo 2022.

Tatizo la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, mgao wa kaunti kutoka Hazina Kuu hujulikana kwa kuchelewa, na miezi ya Julai hadi Septemba, ambayo ndiyo ya kuchimbua masilanga, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya mvua, na kutengeneza visima kabla ya vuli, mara nyingi hupita kaunti zikiwa hazina hata za mishahara. Niliwahi kufuatilia silanga moja katika wadi ambayo sitaitaja, kazi iliyopitishwa katika bajeti kwa wakati, na trekta likafika mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, shimo likiwa tayari lina maji ya matope hadi magotini. Mkandarasi alisukuma udongo ukingoni na kuondoka. Msimu uliofuata ukingo ulirudi ndani ya silanga.

Kuhusu kamati za wadi sina mengi, na niliyo nayo ni ya kutia moyo. Wazo la kaunti kutenga sehemu ya bajeti ya maendeleo kwa ajili ya tabianchi, na kamati iliyochaguliwa na wakazi kupendekeza miradi, lilijaribiwa kwanza Isiolo, likaenezwa Makueni, Kitui, Wajir na Garissa, na sasa limechukuliwa nchi nzima kupitia mpango wa kugharimia hatua za tabianchi mashinani, FLLoCA, unaofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia. Kaunti isiyo na sheria yake ya tabianchi na kamati zinazofanya kazi haipati ruzuku, na sharti hilo limezifanya hata kaunti zilizokuwa zimelala kuamka. Nguvu ya kamati inaonekana pale inapoungana na uongozi wa asili wa malisho, kama dedha ya Waborana kule Isiolo, kwa sababu wazee hao wanajua silanga ikichimbwa mahali pabaya huharibu malisho ya akiba. Inapoungana na mwakilishi wadi peke yake, hupata mradi ulio karibu na nyumba ya mwakilishi wadi.

Yote niliyoyapima hadi hapa ni ya ukame. Mkazi wa Tana River ana janga la pili, na hapo huduma inaanguka kabisa. Ukame una mamlaka, sheria, hatua tano na kadi ya benki. Mafuriko yana salamu za rambirambi. Kituo cha kitaifa cha kuratibu maafa kiliundwa 1998 baada ya mvua za El Niño, kipo kitengo kingine chini ya polisi, kaunti zina idara zao, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hubeba mzigo ambao kwa haki ungekuwa wa serikali. Hata hivyo, hadi mafuriko ya 2024 hapakuwa na sheria moja ya maafa iliyowaweka wote hawa chini ya paa moja, licha ya miswada kuingia na kutoka bungeni kwa miaka. Mapema Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba El Niño iliyokuwa ikihofiwa isingefika. Novemba ilipofika, mto Tana ulikuwa umevunja kingo zake na barabara ya Garsen kwenda Lamu imefunikwa na maji Lango la Simba. Masika ya 2024 yaliua karibu watu 300 nchini, wakiwemo waliosombwa Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili.

Kwa anayetaka kuzitumia huduma hizi, ushauri wangu ni huu. Soma taarifa ya kaunti yako kila mwezi, anza na ukurasa wa kwanza na jedwali la VCI ya kaunti ndogo, na kikundi chenu cha wafugaji au cha akina mama kiwe na kijana mmoja wa kuifasiri kwa Kiswahili na kuituma kwa ujumbe wa sauti. Kama uko katika kaunti zinazohudumiwa na HSNP, hakikisha jina na namba ya kitambulisho vimeandikwa sawasawa sasa, wakati hakuna foleni. Usingoje kiangazi ndipo uulizie hazina ya dharura ya kaunti, ulizia katika vikao vya maoni ya umma, maana mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Swali moja linatosha, nalo ni hili: asilimia ngapi imetengwa, na nani anatia sahihi ili itoke. Ukijibiwa kwamba kamati itakaa, omba iandikwe ni kipimo gani kitakachoilazimu kukaa.

Kwa upande wa mafuriko, Tana River ina kila kitu kinachohitajika ili kuiga mfumo wa ukame isipokuwa uamuzi. Maji hupita mabwawa matano, kuanzia Masinga hadi Kiambere, ambako kiwango chake kinapimwa na tahadhari hutolewa bwawa likikaribia kufurika, kisha hupita Garissa, na huchukua siku kadhaa kuteremka hadi Hola, Garsen na delta. Siku hizo kadhaa ni ndefu kuliko muda ambao simu ya mkononi inahitaji kupokea fedha. Serikali ikiandika leo kwamba mto ukifika alama fulani Garissa, kila kaya iliyoandikishwa katika vijiji vya delta ilipwe nauli ya kuhama na kaunti ilipe malori ya kubeba mbuzi na magodoro kwenda kwenye miinuko, haitahitaji kuunda mamlaka mpya. Itahitaji orodha ya kaya, ambayo machifu wa Tana Delta tayari wanayo kwa sababu wameiandika upya kambini baada ya kila mafuriko.